Namba Mbili Zilizobaki Hewani

Nilifaulu mtihani wangu wa kwanza wa mitandao ya kompyuta katika umri ambao wanawake wenzangu wa Kindu huwa wanaozesha mabinti zao, na sitajifanya mnyenyekevu: nilifaulu vizuri. Niliufanya katika chumba kidogo cha ofisi yetu ya afya, kile chenye mitambo na feni, mlango umefungwa kwa ufunguo, kamera ya kompyuta ikinitazama kwa niaba ya msimamizi aliyekuwa nchi nyingine. Msimamizi huyo alikuwa ameniandikia kwamba sauti ya mtu mwingine ikisikika, mtihani utafutwa. Kwa hiyo tangu asubuhi nilipita nyumba zote zinazopakana na ofisi kuomba watu wasitwange sombe, yaani majani ya muhogo, mpaka saa sita. Walikubali, ingawa mama mmoja aliniuliza ni mtihani wa namna gani huo unaoogopa mchi.

Matokeo yalitokea kwenye kioo kabla sijamaliza kunyoosha mgongo. Niliyasoma mara tatu, nikatoka, nikamwambia fundi mwenzangu, naye akawatangazia akina mama waliokuwa kwenye foleni ya chanjo, ambao hawakuwa wameuliza. Kwetu, mtu akifaulu mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari humwagiwa poda nyeupe kichwani, ile ya watoto wachanga, na hutembea nayo mjini siku nzima bila kujipangusa. Sikutegemea poda kwa ajili ya cheti cha kompyuta. Lakini haikupita nusu saa, dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama sote tunavyowaita ndugu waliotutangulia, akaingia uani bado amejifunga kitambaa cha jikoni. Alikuwa na kopo mkononi, na alinimwagia lote mpaka nikapiga chafya.

"Nani alikuambia kama umepita?" aliniuliza alipomaliza kunicheka.

"Kompyuta, yaya."

"Palepale?"

"Palepale."

Alitazama mlango wa kile chumba. "Njo vizuri," akasema, kwa ile "njo" yetu ya Kindu iliyo "ndiyo" ya wengine. "Haipite kwa kinywa ya muntu."

Akarudi mbio kwenye mkahawa wake karibu na stesheni, kwa sababu alikuwa ameacha wali motoni. Mimi nilibaki nimesimama na poda machoni, na furaha yangu ikapungua. Yeye hakujua alikuwa anasema kinywa cha nani. Mimi nilijua.

Wiki hiyohiyo mkuu wetu aliniita. Ni mtu mwema, anayeamini kwamba jambo likisemwa kwa kusimama linakuwa kubwa zaidi, kwa hiyo tulisimama wote wawili. Aliniambia ofisi italipia mtihani mmoja zaidi. Nichague mwenyewe cheti kinachofuata, nijaze fomu, niilete Ijumaa kabla ya saa sita. Kisha akashusha sauti. Nikichagua usalama wa mitandao, yaani kazi ya kuwazuia wezi wasiingie kwenye mashine zetu, kuna nafasi inayoningojea Kinshasa, kwenye ofisi kuu, maana watu wa kazi hiyo wamewakosa. Nikichagua kitu kingine, nitabaki Kindu nilipo.

Nilimwambia anipe mpaka Ijumaa nifikiri, lakini nilisema hivyo kwa adabu tu. Mimi sina mume, jambo ambalo watu huniuliza kabla ya kuniuliza jina, na binti yangu anasoma Kisangani, kwa hiyo hakuna kilichonifunga. Habari za fomu zilienea ofisini, na kila mtu akawa mshauri wangu. Fundi mwenzangu alitaka nijifunze namna ya kuweka kazi zetu zote kwenye mashine za watu walio ng'ambo, tuwe tunazifikia kwa mtandao. Nilimwambia mji ambao umeme wake hukatika tukiwa bado tunaushukuru kwa kurudi hauwezi kuweka roho yake ng'ambo. Wengine wote walisema usalama. Hata mama anayeuza maandazi mlangoni alisema usalama, na sidhani alijua ni kitu gani.

Kuna kitu cha tatu ambacho mimi mwenyewe nilikipenda, nacho ni mitandao isiyo na waya: antena, milingoti, mawimbi. Lakini kila nilipotaja antena, watu walikunja uso. Kwao hiyo ni kazi ya kupanda juu ya bati na kupigwa na jua. Kwa hiyo niliacha kuitaja, na kufikia Jumanne nilikuwa nimeshajiona Kinshasa nimevaa kitambulisho shingoni.

Kitu kimoja tu hakikunipa raha. Katika mtihani ule kulikuwa na swali jepesi sana. Mashine mbili zinatumiana habari, kipande kimoja kimepotea njiani, na mpokeaji ameona kwamba hesabu haitimii: je, afanye nini? Jibu ni kwamba anaomba kipande kile kitumwe tena. Nililibonyeza bila kusoma majibu mengine. Jibu hilo nimelijua tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na nililijua kwa kutolifanya.

Ilikuwa miaka ya vita. Kindu ilikuwa imefungwa kila upande. Treni haikuja, boti hazikupanda mto, chumvi tuliipima kwa kijiko cha chai. Habari za ndugu walio mbali zilitufikia kwa foni. Foni ni redio ya kuongea, sanduku la chuma lenye kipaza sauti, na waya wake mrefu ulifungwa juu ya michikichi miwili. Shangazi yangu alikuwa nayo katika nyumba ya udongo nyuma ya stesheni, akiiendesha kwa betri ya gari. Watu walikuja saa zilizopangwa, wakakaa kwenye benchi, wakangoja kuitwa kuongea na Bukavu au Kisangani mbele ya masikio ya wote.

Shangazi alikuwa na sheria moja tu. Ukipokea ujumbe, unamrudilia aliyeutuma neno kwa neno mpaka aseme ndiyo. Ukikosa neno, unamwambia arudilie, hata akiwa jenerali. Nilikaa karibu naye mwaka mzima baada ya masomo, nikajua kila kitufe cha lile sanduku, nikajua hata kuitambua sauti ya mvua inayokuja kabla haijafika. Nilikuwa na majivuno. Watu wazima walikuwa wakiniamkia kwanza ili wasisahauliwe kwenye orodha.

Mwaka huo yaya alimaliza sekondari. Alikuwa mtu wa hesabu. Mama alikuwa akimgombeza kwa sababu ukuta wa jikoni ulijaa namba alizoandika kwa makaa akingoja chungu kichemke. Mjomba aliyekuwa Kisangani alikuwa ameahidi kumpokea asomee ualimu wa hesabu, mradi afaulu ule mtihani wa serikali, na yule mjomba hakuwa mtu wa kuahidi mara mbili. Karatasi za mtihani zilisahihishwa upande wa pili wa mapigano, na matokeo yalichelewa miezi na miezi. Hatimaye tukapata ujumbe: Jumamosi saa nne asubuhi, afisa wa elimu atasoma namba za waliofaulu wa shule yetu kwa foni.

Jumamosi hiyo shangazi aliamka na malaria. Alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi mawili, hawezi hata kukaa. Aliniita mlangoni pa chumba chake akaniambia, "Usisahau kurudilia." Nikasema ndiyo, shangazi, kama mtu anavyosema ndiyo akiwa ameshaanza kuondoka.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kila familia ilikuwa na kopo lake la poda, na kopo lilikuwa gumu kupatikana siku hizo. Wengine walileta unga wa muhogo. Mwanafunzi mmoja alisimama dirishani nyuma yangu. Kazi yake ilikuwa kunisikia mimi nikitaja namba, kisha kuipigia kelele uwanjani. Yaya alisimama karibu naye, ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Afisa alisoma tarakimu mbili za mwisho tu, kwa sababu mwanzo wa namba ulikuwa mmoja kwa shule nzima. Ya yaya ilikuwa inaishia na arobaini na saba.

Kila namba ilipotoka, uwanja ulilipuka kwa vigelegele na poda ikapanda mpaka kwenye bati. Nakiri kwamba nilipenda. Watu wazima mia nzima walikuwa wamenyamaza wakingoja mdomo wangu ufunguke. Nilitaja thelathini na tisa, wakapiga kelele. Nilitaja arobaini na moja, na huyo alikuwa msichana wa mtaa wetu aliyependwa na kila mtu. Wakaanza kuimba, mtu akachukua beseni akalipiga kama ngoma, na sauti ya afisa ikazama. Nilisikia mkwaruzo, nikasikia kitu kama mwanzo wa namba, nikasikia mkwaruzo tena. Kisha nikasikia vizuri kabisa: hamsini na mbili. Nikaandika hamsini na mbili.

Mwishoni afisa alisema, "Jumla kumi na tisa. Umepokea?"

Nilihesabu kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa kumi na saba. Nilihesabu tena. Mshale wa betri ulikuwa umeshuka karibu na mwisho, lakini haukuwa umefika mwisho. Hilo siwezi kulisingizia. Ningeweza kusema arudilie. Ningelazimika kufunga dirisha, kuwanyamazisha watu waliokuwa wakicheza, na kuwaambia kwamba mimi, msaidizi wa shangazi, sikusikia. Nilibonyeza kipaza sauti nikasema, "Nimepokea vizuri." Halafu katika daftari, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaandika: jumla 17.

Yaya aliniangalia kupitia dirisha. Nilitikisa kichwa kumwambia hapana. Nilijiambia kwamba sijasema uongo, nimesema tu kilichoandikwa kwenye karatasi. Aliondoka uwanjani kabla ya wengine, na kopo alilonunuliwa na mama halikufunguliwa. Kabla mwezi haujaisha mama alimpeleka Kalima kwa mama mdogo, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji wa madini ya bati, na yaya akaanza kupika.

Karatasi iliyopigwa chapa ilikuja kwa ndege zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Ilikuwa na namba kumi na tisa, na arobaini na saba ilikuwemo. Nyingine iliyokosekana ilikuwa ya kijana ambaye familia yake ilikuwa imeshahamia mji mwingine, na huko aliyapata matokeo yake bila sisi. Yaya alikuja kutoka Kalima na mtoto mgongoni, akasoma, akaikunja karatasi. "Foni ilinikula," akasema, akacheka kidogo. Diploma yake ya sekondari aliipata, lakini nafasi ya Kisangani ilikuwa imepewa binamu yetu. Mama akailaani foni, majirani wakailaani foni, na mimi nikaacha ilaaniwe. Shangazi peke yake hakuilaani. Alifungua daftari, akaitazama ile 17 yangu kwa muda mrefu, akalifunga. Tangu siku hiyo hakuniacha nijibu foni peke yangu mpaka simu za mkononi zilipokuja na sanduku likazimwa. Amekufa bila kunisema. Nilimpenda kwa hilo, na pia nilimwogopa kwa hilo.

Sasa nirudi kwenye wiki ya fomu. Yaya alirudi Kindu miaka mingi iliyopita, ndoa ya Kalima ikiwa imekwisha, akafungua mkahawa wa wali na samaki wa mto. Jumatano nilikwenda kula, na pia kuchukua kitabu changu cha mtihani nilichokuwa nimekisahau kwake. Kilikuwa nakala ya mashine ya fotokopi, kwa Kifaransa, kurasa zimeshonwa kwa uzi. Nilikifungua nikingoja sahani. Kurasa zilikuwa na mafuta, na pembeni kulikuwa na maandishi ya penseli ambayo hayakuwa yangu.

Ilikuwa sura ile ya kukata mtandao mmoja mkubwa kuwa midogo mingi, na kuhesabu kila kipande kinapata anwani ngapi na kinaanzia wapi. Sura hiyo ilinitoa machozi, sisemi kwa mfano. Maswali yote yalikuwa yamejibiwa. Niliyapitia moja baada ya jingine, wali ukipoa mbele yangu. Yalikuwa sahihi yote, hata lile ambalo mimi nilikuwa nimelikosa mara mbili.

"Nani aliandika humu?"

"Miye. Mvula ilikuwa inanyesha, kulikuwa hapana wateja." Alikuwa anapangusa meza. "Njo hesabu tu ile. Niko naipenda." Akapangusa tena mahali palepale palipokuwa pameshakauka. "Ule mutihani, muntu wa umri yangu wanaweza kumukubalia?"

"Umri hawaulizi, yaya."

"Basi mwaka huu utanifundisha. Mambo ya waya na mitambo siielewe. Hesabu njo naelewa."

Alikuwa ameshapanga kila kitu. Alitaka kuweka mtandao pale mkahawani, wanafunzi wawe wanakuja kusoma baada ya watu wa mchana kuondoka, na hakutaka kumtegemea fundi yeyote. Sikumwambia habari za Kinshasa. Nilijua nikiondoka, hakuna mwingine Kindu atakayemfundisha. Fundi mwenzangu hana subira hata ya kujifundisha mwenyewe. Kwa mara ya pili mtihani wa yaya ulikuwa unategemea nitakachoandika mimi kwenye karatasi, na kwa mara ya pili yeye hakujua. Nilimaliza wali wote na sikumbuki ladha yake.

Sikulala vizuri. Alhamisi, watu wa chakula cha mchana walipokwisha, nilirudi mkahawani nikamkuta nyuma akisugua sufuria kubwa kwa majivu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuhusu kumi na tisa na kumi na saba, kwamba nilihesabu mara mbili, kwamba betri ilikuwa bado na nguvu, kwamba nilisema nimepokea vizuri. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, au kwa kofi.

Aliacha kusugua. "Niliisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Namba yangu. Nilikuwa pa dirisha. Niliisikia vizuri."

Nikakaa juu ya gunia la makaa. "Sasa juu ya nini haukusema?"

"We njo ulikuwa karibu ya sanduku. Nilikuona hauandike. Nikasema, huyu anajua kazi yake, miye njo nimesikia vibaya."

Nilianza kulia na kuomba msamaha kwa maneno mengi, na aliniambia ninyamaze. Hapo ndipo alipokasirika. Yaya akikasirika hapigi kelele; anaongea polepole.

"Diploma haiko inaniuma. Diploma ilikuja. Kitu iko inaniuma ni masikio yangu. Tangu ile siku, nikisikia kitu, najiuliza kwanza kama nimesikia kweli. Kule Kalima bwana yangu akisema jambo, kesho yake akikana, nilimwamini yeye, nikasema ni masikio yangu. Miaka yote hii nilizani ni masikio yangu."

Muda wote nilikuwa nikidhani nimemnyima shule. Kumbe nilikuwa nimemnyima kitu anachokihitaji kila siku ya Mungu, asubuhi hadi jioni, hata kusikia maneno ya mume wake mwenyewe. Niliona haya mpaka masikio yangu yakawaka. Basi nikafanya kile ninachofanya nikiona haya, nikatoa zawadi haraka. Nilimweleza kuhusu Kinshasa, nikamwambia kwamba siendi, kwamba kesho nitaandika kitu kingine chochote kwenye fomu ili nibaki nimfundishe.

Alitupa kitambaa ndani ya sufuria, maji ya majivu yakanirukia.

"Usibaki juu yangu! Ukibaki juu ya kunihurumia, sitakanyaga kwako hata kwa matanga. Ile siku uliandika vile uwanja ilikuwa inataka. Kesho andika kitu wewe unataka. Sasa toka, niko na kazi."

Nilitoka. Nilitembea kwa miguu mpaka mtoni na kurudi, na nilikuwa na hasira naye, kwa sababu alikuwa amenifukuza nikiwa katikati ya kujitolea. Lakini hasira iliposhuka nilijiuliza ni nini hasa ninachotaka, nikagundua kwamba wiki nzima watu wameniambia na mimi sijajiuliza hata mara moja. Je, niliutaka usalama? Niliutaka kwa namna watu walivyobadilika uso nilipoutaja. Kinshasa nayo, nikisema kweli, ilikuwa na uzuri wa kuwa mbali na uwanja ule wa nyuma ya stesheni, na mbali na meza ya yaya.

Ninachokijua mimi ni hewa. Mtandao wa kituo chetu cha afya cha Lokandu ulipokuwa unakatika kila mvua ikinyesha, wote walisema mashine imekufa, wakataka kuagiza nyingine. Mimi nilisema antena imegeuzwa na upepo, na matawi yaliyolowa yamekaa katikati ya njia. Nilikwenda, nikakatisha matawi, nikaisogeza antena kidogo kidogo mpaka ikaona ya pili, na mashine iliyokufa ikafufuka. Najua wimbi likiwa na shida kama mpishi anavyojua maji yanakaribia kufurika. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa kitabu, na hakuna mwingine ofisini mwetu aliye nalo. Nilifika nyumbani nikiwa nimeshaamua, na usiku huo nililala.

Ijumaa asubuhi nilijaza fomu: mitandao isiyo na waya. Mkuu aliisoma amesimama.

"Umekosea mstari," akasema.

"Sijakosea, mkuu."

"Na Kinshasa je?"

"Kinshasa wana watu. Sisi tuna Lokandu, tuna Kalima, tuna Tunda, ambako muuguzi anapanda kilima na simu yake ili aseme dawa zimekwisha. Nipe cheti hiki, nitakufikishia sauti ya muuguzi huyo mezani pako."

"Utajuta."

"Nikijuta nitakuja kukuambia." Mpaka leo sijaenda kumwambia, na milingoti miwili imeshasimama.

Yaya hakuongea nami wiki tatu. Nilikwenda kula kwake kama kawaida, naye alinipakulia kama mteja yeyote, samaki wa saizi ya wateja. Wiki ya nne, Jumapili baada ya kanisa, aliingia kwangu na kile kitabu chini ya kwapa, akavuta kiti. "Tuanze kwa mambo ya waya," akasema. Hakusema amenisamehe, na mimi nilikuwa nimejifunza angalau kutokumharakisha.

Alikuwa mwanafunzi mgumu. Vidole vyake, ambavyo miaka ya moto imevifanya visisikie joto, vilikataa zile nyaya nyembamba nane zinazopangwa kwa rangi. Alizivunja, akatukana, akaanza upya. Hesabu alinipita wiki ya pili. Lakini kila nilipomweleza kitu aliuliza, "Nimesikia vizuri?" Nilimjibu, umesikia vizuri, yaya. Swali jingine, nimesikia vizuri? Umesikia vizuri. Ilinichoma kila mara, maana nilijua limetoka wapi. Jumapili moja nilichoka nikamwambia, "Andika ulichosikia. Usiniulize mimi." Alikasirika, akanuna, karibu aondoke. Kisha akaandika. Aliandika ukurasa mzima bila kuinua macho, na ulikuwa sahihi.

Mimi nilifaulu cheti changu cha pili kabla mvua hazijaanza, na nilijisifu kiasi cha kutosha. Mtihani wa yaya ulifika kiangazi kilichofuata. Nilimfungulia chumba cha mitambo, nikamwonyesha kamera inakaa wapi, nikafunga mlango nikabaki kwenye ukumbi. Sijawahi kuogopa hivyo kwa ajili yangu mwenyewe. Nilisikia feni, nikasikia kiti chake kikilia, na zaidi ya hapo sikusikia kitu.

Mlango ulipofunguliwa nilisimama. "Yaya, imekuwaje?"

Aliinua kiganja kuninyamazisha. Alinipita, akashuka ngazi, akaenda mpaka katikati ya uwanja, mahali ambapo madereva walikuwa wakipakia maboksi ya dawa kwenye lori la Kalima. Wakaacha kupakia. Yaya alijaza kifua, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia tangu tuzaliwe.

"Nimepita!" aliita. "Miye mwenyewe njo niko nasema! Nimepita!"

Hakugeuka kuniuliza kama ni kweli.